Uzi Nilioulegeza kwa Makusudi

Chumbani kwangu, juu ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu za moyoni, ingawa mkono unaoziandika umechoka. Hujambo wewe? Wifi naye hajambo? Goti lake limetulia au bado linamtabiria mvua? Na wale pacha, nasikia meno ya mbele yamewatoka wote wawili kwa wiki moja. Waambie shangazi yao naye ameanza safari hiyo hiyo, ila yake hayaoti tena.

Mimi ni mzima, kwa maana ya kwamba nakula na kulala. Mgongo unanung'unika kila ninapotoka chini ya piano ya mtu. Wifi amelalamika kwamba ananipigia simu sipokei. Ana haki ya kulalamika, na sababu nitaifikia huko chini. Nimeizunguka barua hii siku tatu nzima, mara nichonge penseli, mara nifagie, mara nichemshe chai ambayo sikuinywa. Leo nimejilazimisha kukaa.

Unamkumbuka mkunga aliyempokea mwanao wa kwanza, yule mrefu mwenye sauti ya kuamrisha? Amestaafu. Ana piano ndogo ya kuegemeza ukutani, nami nimeihudumia miaka kumi na mmoja. Mwaka huu akaamua kwamba kabla vidole vyake havijakakamaa ni lazima apate ile kubwa, yenye miguu mitatu na kifuniko kinachoinuliwa kama boneti ya lori. Akaniomba nimsaidie kununua iliyotumika, maana mpya hata kuitazama ni kujitafutia maradhi. Nikamwambia asubiri kwanza tuione. Wapi! Nilipofika kwake nilikuta ameshaita waashi wakabomoa ukuta wa sebule ili piano ipate kupita, na penye tundu ametundika shuka la maua. Paka wa jirani anaingia na kutoka atakavyo.

Dalali wa piano hapa kwetu ni mmoja tu. Tunamwita Bwana Dhamana, kwa kuwa hamalizi sentensi bila kukuhakikishia dhamana, na dhamana yenyewe hakuna aliyewahi kuiona kwa macho. Nilikwenda dukani kwake kwa miguu mizito, maana ndiko anakofanya kazi huyo mwanao wa kwanza, Sikio wetu, tangu aliponiacha miaka miwili iliyopita.

Hayo ya kuniacha niliyaandika mwenyewe kwenye barua ile, na najua umeihifadhi. Nilikwambia kwamba baada ya kumfundisha kazi tangu akiwa na miaka kumi na sita amenigeuka, amehamia kwa dalali, na tena ameonekana akiingia kwa siri katika nyumba za wateja wangu. Nilikwambia ananinyang'anya riziki. Nililiandika neno hilo nikalipigia mstari.

Turudi dukani. Piano ilikuwa nzuri kwa macho, nyeusi, imefutwa mpaka unajiona. Lakini piano iliyotumika haipimwi kwa macho. Ndani yake kuna ubao mzito unaoshika misumari ya nyuzi zote, na ubao huo ukichoka, misumari inateleza na nyuzi zinalegea. Njia ya kujua ni moja. Unazikaza nyuzi zote vizuri, unaiacha piano siku nane bila kuguswa, halafu unarudi kuisikiliza. Ikiwa imeshuka, mwambie mteja achukue mkoba wake.

Sasa wapo wauzaji ambao asubuhi ya siku ya nane humwita fundi mwingine aikaze upya kabla hujafika. Kwa ajili yao nina mtego wangu wa siku nyingi, ambao hata Sikio sikumfundisha. Katikati kabisa ya piano nachagua uzi mmoja na kuulegeza kidogo sana kwa makusudi. Nikirudi nikaukuta umelegea vile vile, najua hakuna aliyegusa. Nikaukuta umenyooka, najua nimechezewa. Basi nikaikaza ile ya dukani, nikautega uzi wangu, tukaiacha.

Siku ya nane tukaenda, mimi na mkunga. Nikabonyeza pale katikati. Uzi ulikuwa umenyooka, safi kabisa.

Kaka, damu ilinipanda. Nikauliza kwa sauti kubwa, "Nani ameigusa piano hii?"

"Haki ya nani, hakuna!" akasema Bwana Dhamana. "Nakupa dhamana..."

"Mimi, shangazi," akasema Sikio. Alikuwa amesimama kando na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Amekutuma nani?"

"Hakuna aliyenituma."

"Kwa hiyo umeamua mwenyewe kumwibia mama wa watu? Mkunga aliyekushika siku unazaliwa?"

Akanitazama, akamtazama mkunga, akainamisha kichwa. Bwana Dhamana, akiogopa jina la duka lake kuharibika mbele ya mteja, akamwambia aache funguo mezani na aende. Akaziacha, akakikunja kitambaa vizuri, akatoka. Nami sitakuficha: nilirudi njia nzima nimejaa ushindi. Nilikuwa nikitunga kichwani barua ya pili kwako.

Tulifika kwa mkunga, akanimiminia chai huku shuka lake likipepea penye tundu. Alikuwa amenyong'onyea, maana piano kubwa hana na ukuta hana. Akakoroga kikombe chake muda mrefu, kisha akauliza, "Lakini yule binti si ndiye unayemtuma kumalizia?"

"Kumalizia nini?"

"Kila ukishakaza piano yangu, kesho yake anakuja yeye kugusagusa zile sauti za mwisho kule juu. Mwaka wa pili huu. Nilidhani ndio utaratibu wenu, wewe unaanza, yeye anamalizia. Hata kule kwenye kwaya na kwa mwalimu wa jirani anafanya hivyo hivyo."

Niliinuka nikaenda kwenye ile piano yake ndogo nikabonyeza kibonyezo cha mwisho kabisa, upande wa kulia. Nikasikia tok, kama mtu aliyegonga meza kwa kidole. Nikauliza kama inalia. "Inalia vizuri, kama kengele ndogo," akasema. "Kwani wewe huisikii?" Nikabonyeza kinachofuata, na kinachofuata, nikirudi chini kimoja kimoja. Cha kumi na mbili ndicho kilichoanza kuimba. Kwa vile vyote vya juu yake, Kaka, nilisikia mbao tu.

Sijui niliagaje. Mwanao anakaa chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli, na katika miaka miwili sikuwahi kukanyaga pale. Alifungua mlango akiwa bado na sare ya dukani.

"Shikamoo, shangazi. Umekula?"

Niliitikia marahaba, nikabaki nimesimama mlangoni. Akanivutia kiti chake cha pekee, yeye akakaa kitandani. Nikamwuliza kwa nini hakujitetea pale dukani.

"Mbele ya mteja wako? Ningesema nini?" akasema. "Nilikwambia mara moja tu ukapimwe masikio, ukanirushia kitambaa na kunifukuza."

Ni kweli, nilimfukuza. Hilo kwenye barua yangu sikuliandika.

"Na ule uzi wa katikati?" nikamwuliza. "Kwa nini uliugusa?"

"Kila asubuhi nazifungua piano zote na kuzijaribu. Zile za juu nilijua nitazikuta si sawa, nikazinyoosha kama kawaida. Lakini nilipousikia ule wa katikati umelegea niliogopa, shangazi. Nikasema sasa mpaka katikati kumeanza kumpotea. Nikaukaza ili mteja asije akajua."

Nililia, Kaka. Nililia kwa sauti mpaka fundi wa baiskeli akaja kuchungulia. Nilikuwa nimemtegea mwizi, aliyenaswa ni mtu aliyekuwa akiisitiri aibu yangu kwa miaka miwili, nyumba kwa nyumba, huku nami nikimpaka matope kwako.

Siku iliyofuata nilikwenda dukani nikasema yote mbele ya Bwana Dhamana na mkunga, kuanzia mtego hadi masikio. Ilikuwa chungu kuliko ninavyoweza kuandika. Bwana Dhamana akafurahi kuona duka lake limesafishwa, akampigia Sikio arudi, akampa na dhamana juu yake. Sikio akamshukuru na kukataa. Tuliiacha piano siku nane nyingine, safari hii bila mtego, na ilishika sauti yake yote. Kumbe ubao wake ni mzima tangu mwanzo.

Ilipitishwa tundu la ukutani na wanaume saba, paka akiwatangulia. Mkunga amekaa mbele yake anapiga wimbo mmoja ule ule na kukosea pale pale, na uso wake umekuwa wa msichana. Waashi wameshauziba ukuta. Mtu akitaka kuitoa piano ile, abomoe tena.

Daktari wa masikio amenipima na kusema sauti nyembamba zimeniondoka na hazitarudi. Ndiyo maana simu ya Wifi siisikii, maana mlio wake ni mwembamba. Nilikuwa nikizilaumu simu za siku hizi. Sasa mimi na Sikio tunakwenda kazini wawili. Mimi nafanya chini na katikati, yeye anafanya juu, na wateja tumewaeleza. Wawili wametuacha, waliobaki wanatutosha.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonikalisha hapa. Uliijibu barua yangu ile kwa kumwambia mwanao asikupigie mpaka aniombe radhi. Ameishika amri yako. Ile picha ya pacha mliyonitumia ameibandika juu ya kitanda chake; mimi nilikuwa nimempa mtu mwingine, sijui yeye aliipataje. Mwenye kuomba radhi nilikuwa mimi, nimeshamwomba, amenisamehe kabla sijamaliza kusema. Nawe nakuomba radhi, Kaka, kwa kukutenga na mtoto wako kwa maneno yangu. Ichome ile barua, halafu mpigie.

Msalimie sana Wifi, wabusu pacha, na mama mkwe wako mwambie miwani yake nimeipata na nitaituma. Mungu awalinde nyote, akupe afya na moyo mwepesi.

Mpigie jioni, anapokuwa kwangu. Simu yake huiweka mezani katikati yetu. Mlio wake sitausikia, lakini nitamwona uso.

Wako akupendaye, mwenye makosa na mwenye kukungoja,
mdogo wako Kidole.