Wananitunza Mpaka Waniue

Jumanne. Mvua imegoma, jua limewaka hapa Itiryo tangu asubuhi, na mimi nimekasirika tangu asubuhi vilevile.

Nimekaa kwenye kiti. Ndiyo kazi yangu sasa. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, nikapata mshtuko wa moyo mwaka jana, nikapona, na familia yangu ikanikabidhi kiti.

Mtaalamu wa mazoezi wa kliniki ya moyo, binti aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, aliniandikia kutembea kama daktari anavyoandika vidonge. Nusu saa, siku tano kwa wiki, haraka kiasi kwamba naweza kuongea lakini siwezi kuimba.

Siku ya tatu nikazua balaa. Huku kwetu mwanamume mzima akipita haraka na fimbo, hana mzigo, hasalimii mtu, maana yake ni moja: ng'ombe wake wameibwa na anafuata nyayo. Mama mmoja akapiga yowe. Kugeuka, nina wanaume kumi na moja nyuma yangu, wengine na mapanga, wananiuliza wezi wameelekea wapi. Nikawaambia nafanya mazoezi ya moyo. Hawakucheka. Waliudhika, na sidhani kama wamenisamehe.

Niliona aibu, nakiri. Nikahamia njia ya nyuma ya mashamba na kuendelea huko miezi mitatu. Kilima cha kisimani kilichoko njia hiyo, ambacho nilikuwa nakipanda kwa kupumzika mara mbili, sasa nakipanda moja kwa moja.

Jana nikapimwa damu. Kolesteroli nzuri iko palepale. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikaropoka kwamba kipimo hakijapanda.

Hapo nilikosea mimi, si mtu mwingine.

Sikuwasimulia yote aliyosema yule binti. Aliniambia nifikirie watu wanaobeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Wanaweza kuwa walewale kwa idadi, lakini wakilala kivulini shimo linajaa. Kolesteroli nzuri ndiyo inayoyabeba mafuta kutoka kwenye kuta za mishipa na kuyapeleka kwenye ini, na mazoezi yanaweza kuifanya ibebe vizuri zaidi hata kama idadi yake haijasogea. Nilimwelewa kabisa. Nyumbani nikasema nusu, kwa sababu nilitaka kuonewa huruma.

Nimeipata huruma yangu.

Leo asubuhi Chacha, mwanangu wa kwanza, ametokea na pikipiki mpya. Tangu rashi ya dhahabu ianze, watu wakakimbilia machimboni naye akiwemo, hatujamwona zaidi ya mara mbili. Ameiegesha mbele ya miguu yangu akasema, "Tata, kipimo hakijapanda. Unajichosha bure. Kuanzia leo hutembei, unapelekwa." Mama yake akaitikia, kisha akaniletea supu ya mbuzi ambayo mafuta yalikuwa yanaelea juu. Nikawaeleza habari ya viroba. Wakanitazama kama mgonjwa anayeweweseka. Watu niliowafundisha kusoma mimi mwenyewe.

Nikasukuma bakuli. Nilikuwa na hasira, na hasira nimekatazwa pia.

Mama yake alipoingia jikoni nikamuuliza Chacha anaogopa nini hasa. Alichezea funguo za pikipiki.

"Ukianguka njiani, watu watasema mwana yuko kwenye dhahabu, baba yake anafia barabarani."

"Na nikifia kwenye kiti?"

"Watasema nilikutunza."

Alisema hivyo huku macho yamemlowa. Ananipenda, najua. Na bado ningeweza kumpiga kwa fimbo, mtu mwenye watoto watatu, kwa sababu amekwisha kunipangia kifo kizuri na mimi sijapanga kufa.

Nina hasira naye. Nina hasira na supu. Zaidi ya yote nina hasira na huyu mzee aliyejificha nyuma ya mashamba miezi mitatu, halafu anashangaa watu hawaamini kwamba anapona. Nani angeamini? Hakuna aliyeniona nikipanda kile kilima.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi natoka, kwa barabara kubwa. Chacha analala hapa leo. Nimeshamwambia: akitaka kunitunza, avae viatu.