Taa ya Lori Juu ya Pikipiki

Tunduma, mpakani.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo za miezi yote ambayo sikuandika, maana najua umezihesabu. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi cha alfajiri, kimekuacha au bado mnalala pamoja? Paa la jikoni limeezekwa, au baba mdogo bado anaahidi? Mimi mwili wangu mzima. Nasema mwili tu. Mengine utayasikia.

Elisha, wewe mtoto wa mama mdogo ndiye unayesoma, nakujua. Funga mlango, soma kama ilivyoandikwa. Usimpunguzie mama hata neno moja, na usianze kukohoa ukifika pabaya. Pabaya ni pengi.

Mama, Rhoda mkwe wako hayupo hapa. Amechukuliwa na kaka zake pamoja na mtoto wetu, na kama atarudi au hatarudi ndiyo habari yenyewe ya barua hii.

Kazi yangu unaijua. Tajiri yangu, yule Mhindi mwenye maduka Tunduma na Mlowo, alinipa pikipiki nimpelekee barua zake na vifurushi. Msimu wa kahawa natoka hapa asubuhi, napita Mlowo, napanda mpaka Igamba kwa wakulima, na nikirudi giza limekwisha kuingia. Taa ya ile pikipiki ilikuwa ya kuombea radhi. Ukienda mbio inawaka kidogo, ukipunguza mwendo kwenye mashimo, pale unapoihitaji hasa, inafifia kama mgonjwa anayeaga. Nilikuandikia hayo kwa mzaha. Wewe hukucheka. Ulinijibu kwamba baba alikufa kwa kugongwa na toroli la mkonge gizani, na kwamba mimi sitakufa hivyo ukiwa hai. Ukasema, "Mwanangu, kabla ya shati, kabla ya kitanda, nunua taa." Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo, na ni vizuri ujue.

Sasa nikueleze mila za huku, maana bila hizo hutanielewa. Kwetu Muheza mkwe anapewa kiti. Kwa Wanamwanga mkwe anapewa mgongo. Mume hamtazami mama wa mkewe, wala yule mama hamtazami yeye. Wakikutana njiani, mmoja hutoka pembeni akageukia vichaka mpaka mwenzake apite. Hawasemezani, hawatajani majina. Ndiyo maana hata humu simtaji. Nimekaa na Rhoda miaka kadhaa, sikuwahi kuuona uso wa mama yake. Nilijua kanga zake kwa nyuma tu, na visigino.

Mimi mgeni, nikaona nisiwe mgeni wa aibu. Nikayashika hayo kuliko wenyewe. Vijana wa hapa wanazembea, wanachungulia, wanatupa salamu kwa mbali. Mimi sikuchungulia hata siku moja. Wazee walinisifu: "Huyu mtu wa pwani ana adabu, hata sisi hatumfikii." Nikavimba kichwa, mama. Sifa ni kitu kibaya.

Ipo namna ya kuyamaliza. Mkwe huleta kuku, jembe na nguo, mama mkwe humpikia, na akishakula mbele yake, uso umefunguliwa, wanakuwa mama na mtoto. Rhoda alinikumbusha mara nyingi. "Mama anazeeka, anataka akuone kabla macho hayajakwisha." Nikamwambia taa kwanza, kuku baadaye. Nikamsomea na barua yako.

Basi kuna lori lilipinduka karibu na Mlowo, na fundi Haonga, mwenye kibanda pale sokoni, alilinunua vipande vipande. Taa yake moja ilikuwa nzima, kubwa kama sufuria ya wali. Fundi akaisugua ndani kwa majivu mpaka ikang'aa, akafua kishikio cha chuma cha jembe bovu, akaifunga mbele ya usukani. Kwa kuwa dinamo ya pikipiki isingeweza kuilisha, akanifungia betri nyuma ya kiti, ili taa iwake hata mashine ikizimwa. Kazi safi. Kitu kimoja tu tulibishana.

"Inamishe," akaniambia. "Itazame barabara. Ukiinyanyua hivyo utapofusha watu."

"Nataka kuona mbali, fundi."

"Mbali kuna nini? Shimo liko karibu."

"Watu watapisha."

"Haya. Mwenye macho ni wewe," akasema, akakaza nati pale nilipotaka.

Usiku wa kwanza nilirudi nikiimba tenzi za kanisani. Nilimwona sungura barabarani anajikuna sikio, mama, kutoka mbali! Watoto wakatoka nje wakipiga kelele, na bibi mmoja akasema jua limesahau kitu limerudi kukichukua. Rhoda alisimama mlangoni amejikinga macho kwa mkono, akacheka, halafu akaniuliza, "Sasa mama atajificha wapi?"

Nami nikacheka. Nikamwambia atakimbia kama sungura.

Ni kweli zamani nilipopita usiku na kile kitaa changu kibovu, lazima tulipishana mara nyingi, mimi na mama mkwe. Anausikia mlio, na pikipiki huku ni moja tu, anatoka pembeni, napita, hakuna aliyemwona mwenziwe. Giza lilitusitiri wote wawili. Sikulishukuru.

Jioni yenyewe mvua ilikuwa imenyesha huko juu, chini kukavu. Karibu na kijiji cha kina Rhoda pana daraja la magogo, upana wake wa lori moja, halina kingo. Barabara inapanda kilima, halafu inashuka ghafla hapo darajani. Nilipofika kileleni mwanga ukashuka kabla yangu ukampiga mtu katikati ya daraja. Mwanamke, kapu kichwani, anatoka kwa dada yake ng'ambo ya mpaka. Nikauona uso wake wote. Mama, ni Rhoda mtupu, ila mzee. Nilimjua kabla sijajua kama namjua.

Akavuta kanga akajifunika macho, akapiga hatua ya kutoka njiani, kama alivyozoea. Pale hapakuwa na pembeni.

Nilifunga breki nikaanguka, nikainuka. Nikaisukuma pikipiki mpaka ukingo wa mto, nikageuza taa imulike chini. Alikuwa amelala kwenye mawe, maji yanampita miguuni, paja limepinda mahali pasipopinda, kanga imemtoka. Akapiga kelele, akimwita mama yake kwa lugha yao, "Mayo! Zima! Zima taa!" Kinamwanga changu ni cha kuombea maji ya kunywa, lakini hayo niliyaelewa.

Nikazima.

"Nishuke, mama?" nikamwuliza. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake.

"Usishuke. Geuka."

Nikageuka. Gizani, mama, ambako nisingeona hata kidole changu, nikamgeuzia mgongo. Cheka kama unaweza.

"Nikubebe?"

"Usiniguse! Unataka kuniua kwa aibu? Waite wanangu."

Nikasema vyema mama, nikakimbia. Njia ya kijijini ni ya miguu, pikipiki haipiti. Nilisikia maji yanabadilika sauti nyuma yangu. Siwezi kukuambia sikusikia. Nilisikia, nikajisemea nikaze mbio, nikakaza mbio kweli, nikafika nimetapika. Shemeji yangu Simoni, kaka mkubwa wa Rhoda, akatoka na watu, na Rhoda mwenyewe, aliyekuwa amekwenda kuwasalimia kwao siku hiyo, akiwa na mtoto mgongoni.

Tuliporudi hapakuwa na sauti ila maji. Yale mawe hayakuonekana tena.

Simoni akaiwasha taa, akaisukuma pikipiki ukingoni hatua kwa hatua, wengine wakishuka na miti. Ndiyo iliyomwonyesha, amenaswa kwenye matete kule chini. Taa haikufifia hata mara moja. Fundi Haonga anajua kazi yake, lazima nimpe haki yake.

Wakamlaza majanini. Simoni akaniuliza, polepole kabisa, "Ulimkuta hai?"

"Hai. Tulizungumza."

"Kwa nini hukumbeba?"

"Alikataa."

Halafu shangazi yake Rhoda, dada wa marehemu baba yao, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, akasogea mpaka nikanusa tumbaku yake.

"Alikataa! Ulitaka akushukuru? Kila mama mkwe hukataa. Ndiyo heshima yake. Yako ilikuwa kumfunika uso na kumbeba huku anakataa, anakupiga, anakutukana, halafu kesho tukutoze kuku. Mbele ya kifo hakuna ukwe. Hata huyu mtoto mgongoni anajua."

"Sikuambiwa, shangazi."

"Nani aliambiwa? Wewe uliambiwa uvute pumzi?"

Nikatafuta macho ya Rhoda. Alikuwa anamfunga mama yake kanga, ile ile iliyomtoka, anaikamua maji kwanza. Akaniuliza bila kugeuka, "Ulimwona vizuri?" Nikasema nilimwona. Akasema, "Basi mmeonana."

Kesho yake tukazika. Huku wakwe wa kiume ndio wanaochimba kaburi na kubeba. Hawakuninyima haki hiyo, walinipa upande wa kichwa, makusudi kabisa, na watu wakajipanga kutazama. Nilijikaza mabega nikijua maiti ni mzito. Mama, alikuwa mwepesi. Ni kama mzigo wa kuni za asubuhi moja. Yule ningempakia kwenye pikipiki peke yangu, nikamfikisha kwa mganga wa misheni, nikarudi kula. Nilipomfikisha kaburini mikono haikuwa imechoka hata kidogo, na mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Kumbe anajua kubeba." Wakacheka. Msibani, mama, wakacheka.

Tangu siku hiyo nikipita jioni, mtu yeyote akiona ile taa anatoka barabarani na kunipa mgongo. Hata wanaume. Hata watoto waliokuwa wakinishangilia. Tajiri anasema taa nzuri, mizigo inafika mapema.

Matanga yalipoisha niliitwa na wazee wa kwao Rhoda. Nilikwenda na mzee wa kanisa letu wa kunisemea, nikakaa chini kama mshitakiwa. Walisema ya taa, yakaisha upesi. Simoni mwenyewe alisema taa ni ajali, hata lori lingemkuta pale. Wakasema kuhusu kuku niliyemchelewesha, nikakubali. Mwisho mzee wao mmoja akamgeukia Rhoda, akamwambia, "Mume wako huyu. Amekuja kukuchukua. Sema."

Nilijua hapo ndipo penyewe. Nilipiga magoti, mama, mbele ya watu wote, mimi niliyekuwa nikisifiwa adabu. Nikamwambia, "Rhoda, turudi nyumbani. Nimekosa. Sikujua."

Alikuwa anamnyonyesha mtoto. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akasema, "Taa naisamehe. Lakini mimi pia ni mtu wa kukataa. Siku nikiugua nikikuambia niache, wewe utaniacha. Utatii, utaniombea kwa Mungu, utaenda kuita watu. Nenda, Samweli. Sikutaki."

Basi. Nikainuka, nikachukua kofia yangu, nikamshukuru kila mmoja, nikaondoka. Yule mzee wa kanisa alibaki amekaa, ananishangaa.

Nisalimie dada Anjelina, na mumewe aliyenipa shati la safari. Nisalimie mwalimu wa kanisa, mwambie mwandiko bado ninao. Baba mdogo, yule aliyesema nimeoa porini nitarudi mikono mitupu, mpe salamu zake peke yake, na umwambie acheke taratibu, meno ni machache. Bibi jirani wa kisimani mbusu mkono. Elisha, asante, pumzika koo.

Mama, nimebakiza swali, na huku hakuna mtu wa kunijibu, maana wote wamenipa mgongo. Wewe ni mwanamke, na baba alikuja kukuchukua kwa babu mara mbili, ulinisimulia mwenyewe. Rhoda aliposema nenda, hakunyanyuka pale alipokaa. Nilipofika uani niligeuka, nikaona bado ananitazama, na mtoto ameachia ziwa anatazama pia. Nami nikaenda, kwa kuwa alisema niende. Niambie kweli, hata kama itaniua: nilitakiwa nibaki?

Mwanao uliyetaka aone mbali,

Samweli