Jerania ya Mama Yako

Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo huko uliko? Mimi mzima, goti tu ndilo linaloninunia. Ujue mtaa huu haunijui tena kwa ufundi wa kufuli, unanijua kwa maua. Jerania aliyoiacha marehemu mama yako imechanua hadi jani halionekani: zambarau yenye doa jeusi, kila ua kama kiganja. Jana magari matatu yalisimama langoni. Mwalimu mmoja alinivulia kofia. Nasikia hata mkuu wa mji ameulizia. Mimi niliishia darasa la sita, lakini mimea inanisikiliza.

Mjomba wako

25 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila wodi imejaa wagonjwa na miguu inaniwaka. Nimefurahi kusikia imechanua. Tafadhali fanya kama mama: maua yakianza kupukutika alikuwa akikata, kisha akichomeka matawi matatu kwenye mchanga wenye unyevu, maana mche wenyewe haudumu. Miaka kumi na minane aliiweka hai hivyo. Naja Septemba. Nguo zake gaweni. Mimi nataka tawi moja lenye mizizi.

Mpwa wako

10 Juni

Mpwa wangu,

Salamu tele. Mimi sijambo, na goti limetulia. Huku ni sifa juu ya sifa. Juzi bibi harusi aliomba kupiga picha kwenye maua yangu, nikamwambia apange foleni. Mshona viatu wa jirani, kwa wivu, anadai nayapaka rangi. Nikamwambia alete kitambaa afute. Usiwe na shaka, kila kitu kiko mikononi mwangu.

Mjomba wako

2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu. Sikuuliza habari za bibi harusi. Ulikata, au hukukata?

Mpwa wako

28 Agosti

Mpwa wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Barua mbili nimezichana. Ya kwanza ilikuwa na mbuzi aliyekula mche, ya pili mvua ya mawe.

Hakuna mbuzi. Jerania imekufa. Maua yaliisha Aprili, na Juni nilipokuandikia ilikuwa fito tupu. Nikaendelea kuimwagilia hadi shina likaoza, jeusi, laini. Barua yako ya Julai ilipofika nilichomeka vipande mchangani. Hakuna kilichoshika.

Sikusahau. Mama yako alinionyesha mwenyewe, kisu mkononi. Siku ya kukata nilitoka na mkasi, maua yamebaki machache. Mume na mke wakasimama langoni. Tangu dada aondoke, kabla ya maua haya hakuna aliyekuwa akisimama kwangu, mpwa wangu. Mwenye kufuli mbovu huitupia dirishani kwangu na kwenda zake. Nikaona nikikata, watu watapita tu. Nikarudisha mkasi ndani, na kesho yake hivyohivyo.

Wale wawili waliuliza nani kaipanda. Nikasema ni mimi. Na kila aliyeuliza baada yao, nilimjibu hivyo.

Mjomba wako