Lori Lililokwenda kwa 60 Likarudi kwa 40

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA, KAMATI YA KLABU YA HISABATI

Tarehe: Alhamisi, 14 Machi, saa 9:40 alasiri
Mahali: Maabara ya zamani
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Breki (anayefundisha kidato cha kwanza), Mwakilishi wa kidato cha kwanza
Asiyehudhuria: Mwalimu mlezi (alituma barua)

KUMB. NA. 1/3: BARUA YA MLEZI
Mwenyekiti alisoma kwamba wanafunzi 31 wa kidato cha kwanza wamekosa swali la lori katika mtihani, wote kwa jibu la 50 walilofundishwa na klabu. Barua iliagiza aliyehusika atoke klabuni leo.

KUMB. NA. 2/3: LORI
Lori lilikwenda kilomita 120 kwa kasi ya 60 kwa saa, likarudi kwa 40. Wastani wa kasi ni ngapi? Mwakilishi alieleza kwamba Breki alijumlisha 60 na 40, akagawa kwa mbili. "Na sisi tukakuamini, kaka." Breki alijibu kwamba alifuata karatasi ya majibu aliyopewa. Mwenyekiti alisema mfa maji haishi kutapatapa.

KUMB. NA. 3/3: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Breki alipinga. Alisema kikao kilichopita, kabla Mwenyekiti hajafika, aliuliza: lori likienda polepole, si linakaa njiani zaidi? Mwenyekiti alifungua daftari, akasoma: "Hakukuwa na swali." Breki alivua beji yake ya klabu akaiweka mezani.

KUMB. NA. 4/3: MENGINEYO
Katibu aliomba kusema, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika vikao sita. Alieleza kwamba karatasi ya majibu aliiandika yeye. Breki aliuliza kweli; Katibu hakuwa na jibu, akaona aibu, akamwambia "wewe fundisha tu", kisha akaliacha swali nje ya daftari. Mwandiko wa aya hii usamehewe.

Mwenyekiti alisema, "Wewe? Wewe ambaye hata kuku humfukuzi?"

Mwakilishi alikumbusha kwamba mtihani wa marudio ni Jumatatu na wenzake bado wako darasani. "Mfukuzane baadaye. Tuelezeni lori kwanza."

Iliamuliwa Katibu atoke klabuni kama barua ilivyotaka, ila kwanza akaeleze. Daftari alikabidhiwa Breki.

(Mwandiko wa Breki.) Katibu alieleza mbele ya watu 31, akiutazama ubao. Kwenda saa 2, kurudi saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5, jibu 48. Mtoto wa dawati la nyuma aliuliza kwa nini si 50. Katibu aligeuka, akamtazama, akasema, "Kwa sababu kwenye 40 lilikaa muda mrefu zaidi."
Swali hilo limeandikwa.

Kikao kiliishia ubaoni, saa 10:55.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu anayeondoka: (sahihi)