Kidole cha Kaluki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeficha jambo kwa miaka ishirini na saba. Mwaka wa 1998 nilikuwa karani wa utafiti wa dawa mpya ya kifua kikuu, katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Wasiojua kusoma niliwasomea fomu ya kukubali, kwa Kikamba, kisha nikawashika kidole gumba na kukikandamiza kwenye wino. Fomu ilikuwa na sentensi kumi na nne. Nilisoma kumi na tatu. Niliyoiruka ni hii: "Una ruhusa ya kuacha siku yoyote, na hutanyimwa matibabu."

Walioisikia kwa makarani wengine waliondoka. Ndiyo sababu. Na daktari alitaka watu mia mbili.

Basi, nimeiandika. Miguu imevimba hadi magotini, nalala nimeketi. Daktari wa moyo anahesabu wiki, si miezi. Sitaenda na hili kaburini! Lakini kuandika ni rahisi. Kuna mtu mmoja anayepaswa kulisikia, na ndiye anayeniletea uji kila asubuhi.

Jumatano, 5 Machi

Nzembi. Jirani yangu hapa Lucky Summer, mlango wa pili. Mamake, Kaluki, alikuwa kwenye orodha yangu. Mwezi wa tatu wa dawa usingizi ulimkimbia. Akaanza kuzungumza na mabati. Mwezi wa tano, asubuhi kweupe, akaingia kwenye reli mbele ya gari moshi. Nzembi alikuwa na miaka sita. Ukoo ulisema ni wazimu wa damu.

Leo kaweka kikombe, akasema mpenzi wake, Matheka, amemwomba tena wafunge ndoa. Nikamuuliza atamjibu nini.

"Nitamkataa, Baba. Jumapili ya wiki ijayo, ndiyo siku nimempa. Nizae watoto niwaachie ile kitu ya mama?" Akacheka. "Kunywa uji, wacha kunitolea macho."

Nikanywa. Mzee wa kanisa, diploma ukutani — kimya!

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja Bilan, binti ya Sagal muuza vitambaa. Anatengeneza filamu ya kutisha, anataka sebule yangu. Kabati za kijani, saa mbovu — eti inafanana na kliniki ya zamani. "Usiudhike, mzee wetu, lakini hapa hakuna kitu ya kuongeza!"

Hadithi yake: daktari anajaribu dawa ya kuondoa huzuni. Mwanamke aliyejitolea anaanza kuona watu wasiokuwepo. Kila akilalamika, daktari anaandika tu, kisha anaongeza dozi. Mtazamaji hajui amwamini nani.

Nikauliza nani ataigiza mwanamke huyo.

"Si ni Nzembi wako! Alikuwa anaogopa kukwambia."

Moyo uliniruka, nao hauna nguvu za kuruka. Nimeombwa niikague sayansi, kwa kuwa nilifanya kazi ya utafiti. Nimesoma skripti mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Bilan daktari wake anacheka mno.

"Lazima atishe, mzee! Watu watalala."

Nikamwambia daktari niliyemjua mimi hakuwahi kupaza sauti. Alijua majina ya watoto wa wagonjwa. Alitaka watu wasife kwa kukohoa, na vifua vya wengi vilipona. Cha Kaluki kilipona pia! Hilo sikumwambia. Nilisema tu kwamba hapo ndipo pa kutisha. Mwendawazimu tungemkimbia. Lakini mtu mwema, anayetafuta jambo jema, anamgeukia karani wake kwa upole: huyu ameota tu, andika "malalamiko madogo". Na karani anaandika.

Tena, nikasema, ubaya hauanzii kwenye dawa. Unaanzia mezani, karatasi inaposomwa. Skripti yako haina meza hiyo.

Akachora mstari kwenye skripti. Halafu: "Basi tunaiweka. Na wewe ndiye utasoma, kwa Kikamba."

Nimekubali. Nikikaa na Nzembi kwenye meza hiyo, nitashindwa kukimbia.

Alhamisi, 13 Machi

Vibaya. Pumzi fupi. Nzembi alitaka kuita ambulensi, nimekataa. Kaniita kichwa ngumu. Jumamosi kwanza, siku ya kupiga filamu.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne asubuhi. Kesho ni Jumapili ya Matheka.

Taa ziliwashwa, kamera ikawashwa. Nzembi mbele yangu, leso kichwani — Kaluki mtupu. Nikasoma. Zote kumi na nne, kwa mara ya kwanza maishani. Nikamshika kidole, nikakitia wino. Yeye alipaswa kuinuka atoke. Hakuinuka. Akauliza jambo ambalo halimo kwenye skripti:

"Kwa hiyo ningeweza kuacha?"



"Kata!" Bilan akapiga makofi. "Nzembi, umeua!"

Nzembi hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Baba, hukuangalia karatasi hata mara moja."

Nikamwomba Bilan awatoe watu wake wakanywe chai. Wametoka. Nimemwambia: Mukuru, 1998, jina la mamake kwenye orodha, sentensi niliyoiruka, dozi zilizoendelea. Nikasema: ni dawa, Nzembi. Si damu. Nikarudia, si damu!

Hajalia. Kidole bado cheusi, hajakifuta. Ameuliza swali moja tu. Mama hakuwa mjinga, amesema. Alikuwa anaumia. Hata kama hukumsomea — kwa nini hakuacha tu?

Nimemwomba dakika moja. Nimechukua daftari hili kwa sababu nikishaandika siwezi kurudi nyuma. Yupo mbele yangu, anaitazama kalamu. Nikimaliza nitampa asome mwenyewe, sauti yangu haitoshi.

Kaluki alitaka kuacha. Mwezi wa nne alikuja mezani kwangu, peke yake, macho mekundu. Aliniuliza kama kidole kile ni sawa na kithitu — kile kiapo chetu Wakamba ambacho ukikivunja kinaua watu wa nyumbani mwako. Nilikuwa mtu wa shule. Nilijua ni wino tu.

Nilimwambia ndiyo, ni sawa. Nilimwambia akiacha, kitamrudia mtoto.