Jina Langu Ndani ya Programu

Kitale, Jumanne usiku

Heri nisingeifungua ile faili. Nilitaka tu kuona kazi ya mikono ya Wafula wangu, programu aliyoandikia zahanati za Ndalu, Myanga na hii ya hapa ninapopokea wagonjwa. Katikati ya maandishi yake nikaona nywila, wazi kabisa: Nasimiyu. Jina langu! Niliyeyuka kwa raha.

Kisha nikaijaribu. Majibu ya vipimo vya wagonjwa wa zahanati zote yakafunguka. Nikaona jina la shemeji yangu wa Myanga, kipimo cha virusi vya UKIMWI. Nilizima kompyuta kabla sijasoma jibu.

Jioni nilimwambia Wafula. Akaacha kula.

“Ati uliijaribu?”

“Si iko hapo tu, mpenzi. Karani yeyote anaweza kuisoma.”

Ameibadilisha usiku huu na kuiondoa kwenye faili. Lakini nakala za faili hiyo zimekaa kwenye kompyuta za zahanati zote tatu tangu kabla ya harusi yetu. Nani mwingine aliifungua, akasoma nini, hajui. Nampenda mno, na naogopa sana.

Nimemwomba asiniambie nywila mpya, mimi ambaye hutaka kujua kila kitu chake.