Kizazi Kilichoshuka

Mtaa wa Msikitini,
Koboko.
Jumanne, 3 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Hawah,

Imetimia miaka arobaini na minane tangu nipande gari pale Kibera nikiwa bibi harusi, nawe ukilia kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vyako. Assalamu alaikum. U hali gani? Goti je, na ile sukari? Mwanao Faruk bado anakohoa? Sisi huku wazima, isipokuwa mimi, na ndiyo maana mwandiko umepinda: naandika nimelalia ubavu.

Wiki tatu zilizopita nilipasuliwa kule Arua. Kizazi kilikuwa kimeshuka. Naliandika neno hili wazi kwa kuwa nimelifunika miaka mingi mno. Daktari alikirudisha juu, akakishikiza kwa nyuzi, akanikataza kunyanyua chochote kizito kupita birika la chai mpaka miezi mitatu iishe.

Unanijua, sijui kukaa. Naamka, natembea kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo, narudi, nalala, naamka tena. Naswali kwenye kiti. Shakirah, mke wa mwanangu Shafiki, ameficha madumu yote ya maji. Juzi alinikuta nimeshika kamusi yangu, akaninyang'anya. "Mama, hii iko nzito kushinda birika." Akazipima kweli, mkono huu kamusi, mkono ule birika. Kamusi ilishindwa kesi. Sasa nikitaka neno, hana budi kuja kunishikia.

Papai nimekula hadi nimeichukia rangi yake, ili choo kisiwe kigumu. Mara tatu kwa siku nakaza misuli ya chini kama mtu azuiaye mkojo, nahesabu hadi kumi, naachia. Wageni wakiwapo nahesabu kimoyomoyo. Wao hudhani namtaja Mola.

Na wageni wamekuja wengi, maana Shakirah aliulizwa kisimani, akajibu kwamba mama ametengenezwa kizazi. Kesho yake akaingia mzee Kenyi, jirani yetu, na kuku kwapani.

"Mama Shafiki, nasikia daktari natengeneza kizazi. Sasa mtoto iko nakuja lini?"

"Mzee," Shakirah akamwambia, "wewe tengeneza meno kwanza, ndiyo utakula hii kuku."

Nilicheka nikashika mshono.

Lakini wageni wengine walipotoka, Asiya alibaki. Asiya ndiye niliyekimbia naye vita mwaka wa themanini. Alifunga mlango, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. "Dada, ni ile kitu nashuka? Mimi pia iko nayo. Toka tukimbie." Miaka arobaini na mitano tumechota maji pamoja, Hawah, na kila mmoja alimficha mwenzake. Nimemwambia nitamsindikiza Arua mara nitakaporuhusiwa kupanda gari.

Hapa niliacha kalamu, nikaenda kwenye kamba ya nguo mara nne.

Shafiki alikuwa na siku kumi na mbili tulipokimbilia Kongo. Yeye mgongoni, debe la unga kichwani. Nadhani ndipo nilipolegea. Na mwaka aliofariki mama nilikuandikia kuwa nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa siwezi kukaa saa moja bila kulowa, na safari ya Nairobi unaijua. Niliona haya kunuka mkojo kwenye matanga ya mama yangu. Ulininunia miaka mitatu, nawe ulikuwa na haki. Nisamehe.

Sasa barua yako ya Desemba. Unasema Faruk ameezeka upya chumba cha mama, nije tuishi wote uzeeni, ama sivyo baada ya Ramadhani ataingia mpangaji. Ningeweza kumsingizia daktari kama nilivyoisingizia malaria. Ila miezi mitatu itaisha Aprili, na safari ya basi nitaiweza. Nitakuja kuzuru kaburi la mama, nikae kwako wiki mbili, unitukane ana kwa ana.

Kuishi ni jambo jingine. Jana nilimwita Shakirah anishikie kamusi, nikatafuta hilo neno. Kizazi ni tumbo la mama, na kizazi ni watu waliotoka humo. Vyangu vyote viwili vilishukia huku. Kimoja daktari amekirudisha mahali pake. Kingine mahali pake ni hapa: Shafiki, watoto wake sita, na makaburi mawili ya ndugu zake kando ya shamba letu la Kuluba.

Nisalimie Faruk na mkewe, na shangazi Jalia kama bado anawakumbuka watu. Mungu akulainishie goti na akuzidishie usingizi.

Chumba mpeni mpangaji. Sitarudi.

Dada yako akupendaye,
Ritah